Vifaranga Wasio na Mama

Nchi ya Ufipa ni nchi ya juu. Upande wa magharibi ardhi hushuka mpaka Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki hushuka mpaka Ziwa Rukwa. Katikati ni uwanda mpana wenye majani, na mashamba ya mahindi, ulezi na maharagwe. Mji wa Sumbawanga uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya meta 1,800, yaani futi 6,000 hivi. Kwa hiyo, ingawa jua la mchana huwa kali, usiku huwa na baridi, na katika miezi ya Juni na Julai baridi hiyo huzidi, tena upepo huvuma uwandani, hata watu hupenda kukaa karibu na moto.

Katika baridi hiyo kifaranga wa siku moja hawezi kuishi peke yake. Ana malaika tu, hana manyoya, na mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Mama yake ndiye jiko lake. Kuku mwenye watoto hutandaza mbawa zake, nao huingia chini yake wakapata moto, kisha hutoka kula, kisha hurudi tena, na hivyo ndivyo wafanyavyo mchana kutwa. Lakini mara nyingi mama hayupo. Pengine amekufa kwa mdondo, pengine amechukuliwa na kicheche. Pengine mwenye kuku amemtenga na watoto kwa makusudi, ili apate kutaga tena upesi, na vifaranga wa makoo watatu au wanne wakakusanywa walelewe pamoja. Mahali pa kuwalelea huitwa kitalu cha vifaranga.

Kitalu kizuri si kitu cha gharama kubwa. Jamvi refu husimamishwa kwa mviringo, na chini hutandazwa maranda au majani makavu. Katikati, juu ya matofali, huwekwa taa ya chemli au chungu chenye makaa, kilichozungushiwa kizuizi ili majani yasishike moto wala vifaranga wasiungue. Mviringo huo si kwa ajili ya urembo. Kitalu chenye pembe ni hatari, maana vifaranga wakiona baridi husongamana pembeni, na walio chini hukosa pumzi wakafa. Tena yapasa hewa ipite, kwa kuwa makaa hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu asiweke kamwe chungu cha makaa katika chumba kilichofungwa, wala asilale humo, hata kama moshi umekwisha.

Mtu akiisha kuweka vifaranga 20 katika kitalu kama hicho, hudhani ya kuwa kazi iliyobaki ni kuwalisha na kuwanywesha tu. Lakini hazipiti siku nyingi ila ataona jambo la kumshangaza. Hao wadogo, waliokuwa wakilala pamoja kwa amani, sasa wanasumbuana. Wawili wamesimama wakitazamana uso kwa uso, shingo zimenyoshwa. Mmoja huruka, na mwenzake huruka, vifua vikagongana. Mwingine humdonoa jirani yake kidole cha mguu. Mwingine hukimbia na mdudu mdomoni, na kundi zima humfuata ili kumnyang'anya. Hapo watu hugawanyika. Wengine husema, "Ndiyo desturi ya kuku, waacheni." Wengine huchukua ufito wakampiga yule waliyemwona kuwa mkali. Hawa na hawa hukosea, na kosa lao ni moja: wamehukumu kabla ya kutazama. Maana katika kitalu kuna mambo matatu yanayofanana kwa mbali, wala si jambo moja.

La kwanza ni kudonoa kwa kujifunza. Kuku hana mikono. Mdomo wake ndio mkono wake. Asili ya kuku wa nyumbani ni kuku wa porini wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia, ambao hata leo hupata riziki yao kwa kupekua majani makavu na kudonoa vilivyomo. Kifaranga huzaliwa na tabia hiyo. Kila kitu kidogo, cha mviringo au chenye kung'aa, hukijaribu kwa mdomo: punje ya ulezi, kichwa cha msumari, tone la maji, na pengine kidole au jicho la mwenzake. Hana chuki naye; anauliza tu, "Hiki ni chakula?" Katika siku mbili au tatu za kwanza kiini cha yai kilichobaki tumboni humlisha, naye hutumia siku hizo kujifunza. Akipata punje za kutosha za kujaribu, upesi huacha vidole vya wenzake.

La pili ni mchezo na kupimana nguvu. Kule kuruka na kugongana vifua ni mchezo kwanza, kama watoto wanaoshindana mieleka baada ya masomo. Lakini kadiri wanavyokua, mchezo huwa na maana. Kila mmoja hujifunza ni nani amwezaye na ni nani asiyemweza.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa utaratibu alikuwa mtu wa Norwei, jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyezaliwa mwaka 1894 katika mji wa Oslo, ambao siku zile uliitwa Kristiania. Tangu utoto wake alipenda sana kuku. Alijifunza kuwatambua mmoja mmoja, akaandika katika daftari ni nani aliyemdonoa nani. Mwaka 1922 alichapisha habari hizo kwa lugha ya Kijerumani. Aliona ya kuwa kuku hawagombani ovyo ovyo. Katika kila kuku wawili wakaao pamoja, mmoja humdonoa mwenzake, na mwenzake humpisha. Ukiwapanga wote hupata ngazi: aliye juu huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa yule wa kwanza, na kadhalika mpaka wa mwisho, ambaye hudonolewa na wote wala hamdonoi yeyote. Pengine ngazi huwa na kombo: kuku wa kwanza humshinda wa pili, wa pili humshinda wa tatu, na huyo wa tatu humshinda wa kwanza!

Ngazi hiyo yaonekana kuwa ni uonevu, lakini ina faida. Kuku wakiisha kujuana, hawana haja ya kupigana kila siku penye chakula. Mmoja huinua kichwa, mwingine husogea, na mambo yamekwisha bila damu. Kwa vifaranga ngazi hiyo haijawa imara katika majuma ya kwanza. Hukaa imara wapatapo majuma 6 hadi 10, na majogoo wadogo hutangulia kuonyesha ukali. Kwa hiyo mtunzaji akiwatenganisha kila waparuzanapo, huwazuia kumaliza neno lao, na kesho wataanza upya.

La tatu ni kudonoana kwa kudhuru, na hilo ndilo la kuogopwa. Dalili zake ni wazi kwa mtu atazamaye. Katika mchezo wawili husimama uso kwa uso, wote wawili hushindana, na baada ya kitambo kidogo huacha wakaenda kula pamoja. Katika kudhuru, mmoja hutoka nyuma. Hudonoa vidole, au mkia, au mgongo, au sehemu ya nyuma ya mwili, kisha hurudi kudonoa palepale. Anayedonolewa hashindani; hukimbia, au hujiinamia na kufumba macho. Damu ikitoka, hatari imekuja kwa kundi zima, kwa sababu kuku huona rangi vizuri, na wekundu huwavuta. Mmoja huonja, wa pili huiga, na kabla ya jioni kifaranga aliyekuwa mzima asubuhi huweza kufa. Basi hapo asiseme mtu, "Ndiyo desturi yao." Desturi ya kuku ni kudonoa, kuuana ni dalili ya kuwa wamekosa kitu.

Wamekosa nini? Njia nyepesi ya kulijibu swali hili ni kumkumbuka mama yao. Koo mwenye watoto huwapa mambo matano, na katika kitalu yampasa binadamu kuyatoa yote matano mahali pake.

Jambo la kwanza ni joto la kadiri. Katika juma la kwanza yafaa kitalu kiwe na joto la digrii 32 hadi 35 za sentigredi, kisha hupunguzwa digrii 3 hivi kila juma, mpaka manyoya yaote. Asiye na kipimajoto asihuzunike, maana vifaranga wenyewe ni kipimajoto. Wakilundamana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mbawa zimelegea, wamezidiwa na joto. Wakikusanyika upande mmoja tu, upepo unaingia upande wa pili. Na katika Ufipa jambo hili ni la kuangaliwa sana, maana upepo wa uwandani hupenya hata penye ufa mdogo. Wakitawanyika pote, wengine wakila, wengine wakilala, joto ni sawa. Kwa ugomvi, joto kupita kiasi ni baya kama baridi, kwa sababu kifaranga aliyesumbuliwa na joto hana utulivu.

Jambo la pili ni giza la kupumzikia. Chini ya mbawa za mama ni giza, na aliyelala hamwoni mtu wala haonwi na mtu. Katika kitalu chenye taa iwakayo usiku kucha, aliyelala huonekana na aliye macho, na vidole vyake hung'aa kama punje. Kwa hiyo mwanga usiwe mkali. Chungu cha makaa hutoa joto pasipo mwanga, na hiyo ni faida yake. Ikiwa taa yatumika, sehemu moja ya kitalu iliyo karibu na joto ifunikwe kwa gunia, mbali na moto, ili wachovu wapate kujificha.

Jambo la tatu ni chakula kwa wote. Mama akipata mdudu hulia kwa sauti ya kuita, akaangusha kitu kile chini mbele ya watoto, nao wote huja. Katika kitalu penye chombo kimoja kidogo, wenye nguvu huja, na wanyonge husimama nyuma. Viwekwe vyombo kadhaa vya chakula na vya maji, kimoja mbali na kingine, ili anayefukuzwa hapa ale pale. Tena pumba za mahindi peke yake hazitoshi. Kifaranga anayeota manyoya anahitaji chakula cha kujenga mwili na chumvi kidogo sana, na akivikosa huvitafuta katika manyoya na damu ya wenzake. Watu wa Ufipa hawakosi njia: dagaa waliokaushwa na kusagwa, mashudu ya alizeti, na mchwa wanaochimbwa shambani, vyote hufaa.

Jambo la nne ni kazi. Mama huwatembeza watoto mchana kutwa wakipekua. Kifaranga aliyefungwa mahali pasipo kitu cha kupekua hupekua wenzake. Mtunzaji na atie majani makavu mengi, atupe humo ulezi kidogo, na atundike fungu la mchicha au majani ya kabichi kwa urefu wa vichwa vyao, ili midomo ipate shughuli. Na kila juma apanue mviringo wa jamvi, maana nafasi iliyowatosha wakiwa na siku tatu haitawatosha wakiwa na majuma matatu.

Jambo la tano ni jamaa wanaojuana. Mama hulea watoto walioanguliwa pamoja. Katika kitalu mtu huchanganya wa juma moja na wa majuma matatu, kisha hustaajabu wadogo wakikanyagwa. Wazee walisema ya kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nao walisema kweli, maana mgeni hana daraja katika ngazi, na kila mmoja hutaka kumpima.

Fikiri, basi, mtoto wa kijiji kimoja karibu na Sumbawanga, aliyepewa vifaranga 20 awatunze. Ameahidiwa ya kuwa wakikua, kuku wawili watauzwa anunuliwe daftari na viatu vya shule. Asubuhi moja amkuta kifaranga mmoja ana damu kidoleni. Amkimbilia bibi yake, amwambia, "Shikamoo, bibi. Yule mwenye doa jeusi ni mbaya. Nimtoe tumchinje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja kwanza. Jana walikula lini?"

"Jioni, bibi, kabla ya jua kuchwa."

"Na leo?"

"Bado. Nilikwenda kuteka maji."

"Vyombo vya chakula ni vingapi?"

"Kimoja."

"Nao ni wangapi?"

"Ishirini."

Bibi anyamaza kimya, na mtoto naye anyamaza, kwa kuwa jibu amelitoa kwa kinywa chake mwenyewe. Kama angalimchinja mwenye doa jeusi, kesho angalimwona mwingine amekuwa mbaya, na kesho kutwa mwingine tena, mpaka kitalu kiwe kitupu, na viatu visinunuliwe.

Lakini kuondoa sababu hakuponyi jeraha lililokwisha kutokea. Mwenye damu aondolewe mara moja, awekwe katika kikapu chenye joto, mahali ambapo atasikia sauti za wenzake, na ikiwezekana apewe mwenzi mmoja mpole, maana kifaranga aliye peke yake hulia mpaka akachoka. Jeraha lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, yakiwa vuguvugu. Dawa ya rangi ya zambarau wapakwayo watu wenye vidonda hufaa pia, kwa kuwa hukausha jeraha na kuuficha wekundu. Asirudishwe kabla jeraha halijakauka. Na siku ya kurudishwa, arudishwe usiku, wote wakiwa wamelala, pamoja na yule mwenzi wake, na asubuhi kuwe na chakula tayari, ili watakapoamka wapate jambo jingine la kutazama.

Vivyo hivyo kwa wageni. Wasitupwe katikati ya kundi mchana. Kwanza watenganishwe kwa wavu au vijiti vilivyosukwa, ili waonane siku kadhaa bila kufikiana. Kisha waingizwe jioni. Tena watazamwe kwanza kama ni wazima, maana ugonjwa mmoja ukiingia kitaluni huua wengi kuliko ugomvi.

Na yule mkali kweli je? Pengine yote yametengenezwa, joto ni sawa, chakula kipo, nafasi ipo, na bado mmoja hana kazi ila kuwaumiza wenzake. Huyo haifai kumpiga, kwa sababu kuku hajui kuunganisha fimbo ya sasa na kosa la kitambo kilichopita; hujifunza tu kumwogopa binadamu. Mtunzaji amwondoe siku tatu au nne. Wakati huo ngazi ya waliobaki hujipanga upya pasipo yeye, na arudipo huwa kama mgeni; yampasa kuanza chini, na mara nyingi ukali wake hupungua.

Watu wengine huona ajabu kwamba baada ya kazi hii yote vifaranga bado huparuzana kidogo. Wasione ajabu. Hakuna kitalu kisicho na wa kwanza na wa mwisho. Kazi ya mtunzaji si kuiondoa ngazi ya kuku, ambayo hataiweza. Kazi yake ni kuona ya kuwa ngazi hiyo haimwui aliye chini. Penye chombo kimoja, cheo ni uhai na kifo. Penye vyombo vinne, cheo ni kutangulia kula tu.

Kwa hiyo mtunzaji mwenye akili, jua likichwa, hawaangalii kwanza wanene. Humtafuta yule mdogo kuliko wote, humshika kwa upole mkononi, na kwa kidole hupapasa kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo yake. Kikiwa kitupu, hata kama wengine wote wameshiba na kulala kimya, kitaluni mna neno baya lililofichika, na mtunzaji hana budi kulitafuta kabla ya kulala. Kikiwa kimejaa, humrudisha penye joto, hufunika chungu vizuri, huacha nafasi ya hewa kupita, na kwenda zake.